Viwanja vya Mlandizi na Hoja Zisizosimama

Wasomaji wa Kibaha na Kisarawe hawahitaji kusimuliwa hoja zenyewe. Wamezisikia kwenye spika za magari ya matangazo, wamezisoma kwenye mabango ya Barabara ya Morogoro, na wamezikuta kwenye vikao ambako wanakijiji huelezwa kwamba mwekezaji amekuja na neema. Kwa ufupi zinasema hivi: Dar es Salaam imejaa, Mlandizi ina nafasi, basi ardhi ikatwe, ipimwe, iuzwe, na mji bora utajitokeza wenyewe. Nimezifuatilia hoja hizo kwa makini na sitazipindisha. Nitaziweka kama wauzaji wa viwanja wenyewe wanavyoziweka, kisha ninyi mpime, kama mahakimu wanavyopima ushahidi, kama zinasimama.

Hoja ya kwanza ni kwamba ardhi ni nyingi na imelala bure. Ina chembe ya ukweli. Mtu akitoka Mlandizi kwenda Kwala, au akielekea vijiji vya Kisarawe, atapita vichaka virefu bila kuona nyumba. Lakini pasipo na nyumba pana kazi. Kuna mihogo na mikorosho ya Wazaramo na Wakwere, kuna malisho ya wafugaji, kuna mashamba ya bonde la Ruvu, na kuna msitu wa hifadhi wa Ruvu Kusini uliotanda Kibaha na Kisarawe. Anayesema ardhi imelala hakuuliza ni nani anayeamka alfajiri kuifanyia kazi.

Tena hoja hii inapingana na tangazo linaloibeba. Tangazo lile lile linalosema nafasi ni tele humalizia kwa kusihi: wahi, viwanja vimebaki vichache. Kama ni tele, haraka ya nini? Kama vimebaki vichache, basi ardhi ni mali inayokwisha, na mali inayokwisha hugawiwa kwa mpango. Takwimu ziko upande wa kauli ya pili. Sensa ya 2012 iliikuta Pwani, mkoa wa Mlandizi, na watu 1,098,668. Ya 2022 ikaikuta na watu 2,024,947. Hilo ni ongezeko la asilimia 84 ndani ya miaka 10, wakati Dar es Salaam iliongezeka kwa asilimia 23, kutoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728. Hekta moja hutoa viwanja 25 vya mita 20 kwa 20, kabla hujatoa hata njia ya kupita mkokoteni. Ongezeko jingine kama hilo la Pwani likikaa kwa mtindo huo, familia ya watu wanne kwa kila kiwanja, litameza zaidi ya hekta 9,000, na humo hakuna barabara, shule wala mtaro. Wenzetu wa Kenya wamekwisha kuipita njia hii. Uwanda wa Kitengela, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, nao ulionekana hauna mwisho, mpaka ulipokatwakatwa viwanja vya futi 50 kwa 100 na kuzungushiwa senyenge, wanyama wakakosa pa kupita na wafugaji wakakosa pa kulisha.

Hoja ya pili ndiyo nzito kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo. Wanasema: sisi hatuuzi kiholela kama ilivyokuwa Manzese na Tandale jijini Dar es Salaam, viwanja vyetu vimepimwa, vina bikoni, na mnunuzi atapata hati. Tuwape haki yao. Kiwanja kilichopimwa hupunguza ugomvi wa mipaka, na hati humpa mtu usalama ambao mkazi wa makazi holela hana. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba mahali palipopimwa pamekwisha kupangwa. Kupima hujibu swali la nani anamiliki wapi. Mji una maswali mengine: maji ya mvua yatapita wapi, watoto watasoma wapi, taka zitakwenda wapi, wafu watazikwa wapi.

Serikali iliwahi kulijaribu jambo hili, na kwa nia njema. Mwaka 2002 Wizara ya Ardhi ilianzisha Mradi wa Viwanja 20,000 pembezoni mwa Dar es Salaam, katika maeneo kama Kibada, Gezaulole, Buyuni, Bunju na Mbweni. Upimaji ulifanyika na lengo likavukwa. Kilichochelewa ni maji, umeme na barabara. Miaka mingi baadaye viwanja vingi vilikuwa bado vichaka, kwa sababu wengi walionunua walikuwa wanahifadhi fedha, hawakuwa wanatafuta pa kulala. Aliyekuwa anatafuta pa kulala alikwenda kununua kwa mtu binafsi, mahali pasipopimwa. Kama mradi wa Wizara nzima haukuweza kuugeuza upimaji kuwa mji, wauzaji wa Mlandizi watuonyeshe wao wana nini ambacho Wizara haikuwa nacho.

Sasa chukueni kiwanja kimoja tu, kile cha 20 kwa 20 kinachotangazwa kila kona, tukipime pamoja. Bomba la majitaka hakuna, kwa hiyo mwenye nyumba atachimba choo cha shimo. Bomba la maji safi halijafika, kwa hiyo atachimba na kisima. Muuzaji mwenyewe humwambia hivyo. Kanuni inayotumiwa sana na wahandisi wa maji ni kwamba kisima na shimo la choo visikaribiane chini ya mita 30. Weka choo kwenye kona moja na kisima kwenye kona ya mkabala. Umbali mrefu kuliko wote ndani ya kiwanja hicho, kutoka bikoni hadi bikoni kwa mshazari, ni mita 28 na kidogo. Haitoshi, hata kama nyumba yenyewe haijajengwa. Na bado hatujamhesabu jirani, ambaye choo chake kinaweza kuwa mita 3 kutoka kisima hicho, nyuma ya ukuta. Bikoni nne zimenyooka, hati imetoka bila kasoro, na familia inachota maji yaliyopita chooni.

Kuna kasoro nyingine ambayo haionekani kwenye kiwanja kimoja. Shamba la heka 10 likikatwa na muuzaji huyu, na la jirani likakatwa na yule, kila mmoja ana kila sababu ya kumwachia mwenzake mzigo wa eneo la shule na soko, kwa kuwa eneo la wazi haliuziki. Njia za huyu zinaishia ukutani kwa yule. Siku mvua kubwa inanyesha, maji hayafuati ramani ya yeyote kati yao. Kila muuzaji ataapa kwamba eneo lake limepangwa, na huenda kila mmoja akawa mkweli kwa heka zake 10. Mji utakaotokea hapo hautakuwa na zahanati.

Hoja ya tatu husemwa kwa kujiamini sana: Mlandizi haiwezi kukosa maji, mto Ruvu uko mlangoni. Ni kweli uko mlangoni, na mtambo wa Ruvu Juu uko hapa hapa, ukiwa na uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku. Lakini maji hayo yana wenyewe tayari. Ruvu Juu na mwenzake wa Ruvu Chini kule Bagamoyo, wenye uwezo wa lita milioni 270, ndio wanaolibeba jiji. Oktoba 2022, kina cha mto kiliposhuka kwa ukame, uzalishaji ulianguka kutoka lita milioni 466 hadi lita milioni 300 kwa siku, na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao. Huo ni ushahidi uliotokea mbele ya macho yetu: mto huu, katika mwaka mbaya, hauwatoshi wanaoutegemea sasa. Mwezi uliofuata serikali ilisaini mkataba wa kujenga Bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, litakaloweza kuhifadhi lita bilioni 190. Kazi ya kwanza ya bwawa hilo ni kuziba upungufu uliopo. Kulihesabu kama akiba ya viwanja ambavyo havijauzwa ni kutumia fedha moja mara mbili.

Na hapa tena mashahidi wao wanakosana. Kwenye bango, maji yapo. Kwenye maelezo ya pembeni, mnunuzi achimbe kisima. Kama maji ya Ruvu yangekuwa yanafika kwenye viwanja hivyo, ushauri wa kisima ungekuwa wa kazi gani?

Mbaya zaidi, baadhi ya wanaoutaja mto kama hakikisho ndio wanaouuza ukingo wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Mita hizo zimewekwa kwa sababu ya majani na miti ya ukingoni, ambayo huchuja matope na kushika udongo. Ukiondoa uoto huo, tope lote linaingia kwenye mtambo ule ule uliotajwa kwenye bango. Kiwanja chenye mwonekano wa mto kinauzwa kwa bei ya juu kwa kumharibia maji mtu wa Temeke, ambaye hajui hata Mlandizi iko upande gani.

Hoja ya nne ni usafiri: barabara imepanuliwa, treni ya SGR imekuja, kwa hiyo kuishi Mlandizi na kufanya kazi Kariakoo ni jambo jepesi. Treni ni hatua kubwa na naiunga mkono kwa moyo wote. Inatumia umeme, ilianza safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na ina vituo Soga na Ruvu. Lakini Soga si Mlandizi mjini, na viwanja vinavyouzwa kwa jina la treni vimetawanyika kila upande, vingi vikiwa mbali na kituo chochote. Anayeshuka Soga bado anahitaji bodaboda, gizani, kwenye njia isiyo na taa. Kama kweli treni ndiyo sababu ya kujenga hapa, basi nyumba zingesogezwa karibu na kituo, zisimame kwa ghorofa mbili au tatu, soko na shule vikiwa umbali wa kutembea. Curitiba, Brazili, walifanya hivyo kuanzia 1974 kwa mabasi tu: walipanga majengo marefu yafuate njia kuu za mabasi, kwa hiyo abiria na basi wakawa mahali pamoja. Sisi tunajenga reli kwa fedha nyingi, kisha tunawatawanya abiria maporini.

Kuhusu barabara, kumbukumbu iko karibu. Upanuzi wa Barabara ya Morogoro kuwa njia nane, Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, ulitanguliwa mwaka 2017 na ubomoaji wa zaidi ya nyumba 1,000 kati ya Kimara na Kiluvya. Mipaka ya hifadhi ya barabara ilikuwa na mgogoro wa miaka mingi, na watu walijenga huku wakiona wenzao wanajenga. Hayo ndiyo matokeo ya mji kutangulia na mpango kufuata. Njia nane zimepunguza adha, hilo halina ubishi. Ila bei ya kiwanja inaonekana ndogo kwa sababu nauli haijaandikwa humo. Kutoka Mlandizi hadi katikati ya jiji ni kilomita zinazokaribia 60. Kwenda na kurudi siku sita kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, ni kilomita 36,000, zinazokaribia mzunguko wa dunia nzima. Anayelipa ni kinamama wanaofuata bidhaa Kariakoo na vibarua wa ujenzi. Wanalipa kwa nauli, kwa saa za usingizi, na kwa watoto wanaowaona wakiwa wamelala asubuhi na wamelala usiku.

Wakibanwa hapo, huhamia kwenye hoja ya tano: watu hawatahitaji kwenda Dar es Salaam, kwa sababu viwanda na Bandari Kavu ya Kwala vitawapa kazi hapa hapa. Angalieni kilichotokea. Dakika moja iliyopita treni na barabara ndivyo vilivyokuwa fahari ya kiwanja hiki kwa sababu vinampeleka mtu Kariakoo haraka. Sasa Kariakoo haihitajiki. Wachague moja. Mimi natamani hoja ya tano iwe kweli, na Kwala inaweza kabisa kuwa chanzo cha ajira. Lakini mfanyakazi wa kiwandani anayelipwa mshahara wa kima cha chini hawezi kununua kiwanja na kujenga, anapanga chumba. Ni nani kati ya wauzaji hawa ametenga ardhi kwa ajili ya nyumba za kupanga, zenye choo na maji, karibu na lango la kiwanda? Asipotengewa, atajitafutia, na tutapata Manzese nyingine huku tukijisifu kwamba hatuuzi kiholela. Majitaka ya viwanda nayo yana swali lake, maana eneo hilo ni jirani na bonde la mto ambao jiji linaunywa. Tathmini ya athari kwa mazingira ndiyo iliyowekwa kisheria kulijibu, na wanakijiji wana haki ya kuisoma.

Hoja ya sita ni fupi na jibu lake ni fupi. Eti Mtanzania hataki kubanana. Anataka nyumba yake peke yake katikati ya uwanja wake. Pwani ya Waswahili haisemi hivyo. Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ni miji ya nyumba zilizoshikana kuta, zenye vichochoro vyenye kivuli, baraza za kukaa jirani, msikiti, duka na kisima ndani ya hatua chache. Kariakoo na Magomeni zilijengwa kwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, ikilea familia kadhaa kwa pamoja. Kukaa karibu karibu ni urithi wetu. Kilichotuchosha mijini ni kukosa maji, mitaro na hewa, na hayo hayaponywi kwa kumpeleka mtu mbali zaidi.

Inabaki hoja ya saba, ambayo hutolewa hoja nyingine zote zikishaanguka: haya ya mazingira ni anasa ya Wazungu, sisi tujenge kwanza, miti tutapanda baadaye. Hii naijibu kwa mto mmoja. Msimbazi, unaofurika Jangwani jijini Dar es Salaam, unaanzia kwenye vilima vya Pugu upande wa Kisarawe. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo leo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa miaka mingi imeliwa na mkaa na uvamizi. Mlima ukivuliwa miti, mvua haizami, inateremka. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua zaidi ya watu 40, na waathirika wakahamishiwa Mabwepande. Kisha kituo cha mabasi yaendayo haraka kikajengwa Jangwani, bondeni, na kikafurika mara kwa mara. Sasa bonde la Msimbazi lina mradi mkubwa wa mkopo wa Benki ya Dunia, wa kulipa fidia watu waondoke na kurudisha kwa fedha nyingi kile ambacho kingeachwa kilivyo bila gharama. Nani kati ya hawa alikuwa Mzungu? Aliyezolewa na maji ni mkazi wa Dar es Salaam, na mkopo utalipwa na Mtanzania, akiwemo wa Mlandizi ambaye hajawahi kukanyaga Jangwani.

Upande wa mkaa, wenye hoja hii wanapingana na sera ya nchi waziwazi. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zilitakiwa kuacha kuni na mkaa hata kabla ya hapo. Kumwambia mnunuzi mwaka huu kwamba misitu inayomzunguka ni pori la kufyekwa ni kumuuzia maisha ambayo serikali imeshatangaza kuyaacha.

Basi uamuzi ni wenu. Sijapinga Mlandizi kukua. Itakua, sensa imeshasema. Ninachopinga ni kuuza kwanza na kupanga baadaye, kwa kuwa kila ushahidi ulioletwa kutetea mtindo huo umegeuka shahidi dhidi yake. Mkoa, halmashauri na wataalamu wa mipango miji wana wajibu wa kukamilisha mpango wa eneo zima, kuanzia kingo za Ruvu hadi vituo vya Soga na Ruvu, kabla ya shamba jingine kukatwa vipande.

Na wananchi wa vijijini wana nguvu ambayo wengi hawaitumii. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haimruhusu mwenyekiti wala halmashauri ya kijiji kugawa ardhi ya kijiji kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Mkutano ukiitishwa, nendeni, wanawake kwa wanaume, vijana kwa wazee. Atakayesimama na ramani, mwambieni aweke kidole palipo na mtaro wa mvua, bomba la maji, eneo la shule, eneo la taka, nyumba za wapangaji na mita 60 za mto. Akishindwa kuonyesha hata mahali pamoja kati ya hapo, msinyooshe mikono.